UZI: Mausi ya waya ya kubeba na laptopu – kagua shingo ya waya na swichi kabla ya kuuliza DPI (wepesi wa mshale kusogea)

#1 FundiSaketi

Habari za jukwaa, wakuu.

Kila anapouliza mtu kuhusu mausi ya waya ya kutembea nayo, majibu huwa majina ya kampuni: chukua Logitech, chukua HP, chukua Dell. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa kampuni ileile huuza mausi ya kudumu miaka na nyingine ya kuishia muhula mmoja. Tuzungumzie sehemu zinazokufa ndani ya mausi ya begini, na namna ya kuzikagua ukiwa bado umesimama dukani na pesa iko mfukoni.

Mausi inayokaa mezani hufa swichi. Inayokaa begini hufa waya, na mara nyingi mno hufia mahali pamoja: sentimeta mbili tatu za kwanza pale waya unapotoka kwenye mwili wa mausi. Ndani ya waya mna nyaya nne nyembamba (nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, nyeupe na kijani za data), na kila moja ni kifungu cha nyuzi za shaba nyembamba sana. Ukiukunja waya kwa pembe kali kila siku, nyuzi hukatika moja baada ya nyingine huku ganda la nje likibaki zima. Mausi inaanza kuzimika na kuwaka, ukiushika waya kwa namna fulani inakubali, ukiuachia inakataa. Mwishowe inanyamaza kabisa, na mwenye nayo anaitupa ilhali bodi, senso na swichi ni vizima.

Kwa hiyo cha kwanza kutazama ni shingo: ile mpira inayoukumbatia waya pale unapotokea. Shingo nzuri ina urefu wa milimita 10 hadi 15 au zaidi, imechanwa-chanwa mistari ili ipinde taratibu, na ukiupinda waya kwa kidole unaona mkunjo unagawanyika kwenye shingo yote. Shingo mbaya ni tundu tupu lenye waya uliochomoza, au mpira mgumu usiopinda, ambao huhamishia mkunjo wote mwishoni mwake. Hiyo ya pili watu huipuuza kwa sababu inaonekana imara, na waya hukatikia pale pale mpira unapoishia.

Halafu shika mwili kwa mkono mmoja, waya kwa mwingine, vuta kidogo na usukume kidogo. Waya usiingie wala kutoka hata milimita moja. Ukicheza, ina maana ndani haukubanwa, na kila mvuto utafika moja kwa moja kwenye risasi (solda) zinazoshika nyaya kwenye bodi.

Mwisho, kunja sehemu ya kati ya waya kuwa duara la upana wa kama sentimeta 6, kisha uachie. Waya laini unafunguka wenyewe. Waya wa plastiki ngumu unabaki na umbo la mkunjo wa kwenye boksi, na huo utakusumbua mezani na utachoka haraka.

---

#2 Msomi_Dodoma

Mkuu umeeleza vizuri. Sasa vipi zile zenye waya wa kujivuta, unaorudi kwenye kidude cha duara? Kwa begi dogo la chuo zinaonekana ndizo zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa.

---

#3 KeboNyeusi

Zinauzwa kwa jina la safari, lakini kwa mtu anayetaka kudumu ndizo za kuepuka. Sababu ziko tatu na zote ni za kimuundo, hata kampuni ikiwa nzuri.

Ili waya uingie ndani ya kile kidude lazima uwe mwembamba na bapa, kwa hiyo shaba yake ni chache na ganda lake ni jepesi. Pili, ndani mna springi bapa iliyoviringishwa na waya unaokunjwa na kukunjuliwa kila unapovuta. Mahali unapogeukia katikati ya kidude ndipo nyuzi hukatikia, na hapo hapafunguliki kwa urahisi. Tatu ni vumbi. Likiingia kwenye kile kidude, waya unarudi nusu na kukwama, mtu anavuta kwa nguvu, springi inaruka.

Kuna na suala la urefu, ambalo ndilo linalowaumiza wengi. Nyingi za aina hii zina kama sentimeta 75 tu zikivutwa zote. Laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa karibu sentimeta 36 na kina cha karibu 25. Kama matundu ya USB yako kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, waya unatoka kushoto, unapita nyuma ya kioo, unashuka kulia hadi mkononi. Piga hesabu: 10 hadi 25 za kushoto kutegemea tundu liko wapi, 36 za nyuma, 25 za kulia, na 15 za kuchezea. Tayari uko kati ya 86 na mita moja. Sentimeta 75 hazifiki bila kukaza, na waya uliokazwa ndio unaolegeza tundu la laptopu.

Mita moja ndiyo kiwango cha chini kwa mtu ambaye hajui atapewa meza ya namna gani. Mita 1.8, ambayo ndiyo ya kawaida kwa mausi za ofisini, ni ndefu lakini urefu wa ziada hufungwa na velkro. Ufupi hauna dawa.

Mwenye nayo tayari, avute pande zote mbili kwa pamoja na kwa usawa, asifike mwisho kabisa wa springi, na asiache ijirudishe kwa kasi. Ashikilie ncha mpaka zifike.

---

#4 Bi_Saada_Mkunazini

Assalaam alaykum. Naongeza la watu wa pwani: Unguja, Mombasa, Tanga, Lamu. Joto na unyevu wa chumvi vinaua kwa njia mbili ambazo watu wa bara hawazioni sana.

Kwanza ni zile mausi zilizopakwa mpira laini kama velveti. Dukani zinavutia mkononi. Lakini upako ule humeng'enyuka kwa joto, unyevu na jasho, na baada ya muda unakuwa unata, unashika vumbi na nyuzi za begi. Ukifika hapo haurudi. Dawa yake ni kuung'oa kabisa kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisicho na manyoya, ukisugua mpaka plastiki ya chini itokee. Kwa hali ya hewa yetu nunua plastiki tupu isiyopakwa kitu, yenye umbile la kukwaruza kidogo. Haipendezi sana, lakini itabaki hivyo hivyo.

Pili, sehemu za chuma ndani ya swichi na ndani ya gurudumu hushika kutu nyembamba isiyoonekana. Dalili yake: bofyo moja linageuka mawili, na ukishusha ukurasa gurudumu linarudi juu lenyewe. Usiache mausi begini na nguo mbichi au chupa ya maji baridi inayotoa jasho.

Mafundi, naomba mueleze hilo la kubofya mara mbili kwa undani, maana watu wanaambiwa ni virusi.

---

#5 FundiSaketi

Wa alaykum salaam Bi Saada. Si virusi, ni swichi.

Chini ya kila kitufe kuna kiboksi kidogo chenye pini tatu. Ndani yake kuna jani la shaba iliyochanganywa, lenye mvutano kama springi. Ukibonyeza linaruka kutoka mguso mmoja kwenda mwingine, na huo mruko ndio mlio unaousikia. Kila jani linapotua linadunda kidogo kwa muda mfupi sana, na programu ya ndani ya mausi huusubiri mdundo huo utulie ndipo ihesabu bofyo. Jani likichoka au mguso ukichafuka, mdundo unarefuka kuliko muda wa kusubiri, na kompyuta inahesabu mabofyo mawili. Dalili nyingine ya ugonjwa huohuo: unaburuta faili, linadondoka katikati ya safari, au unachagua maandishi na uteuzi unakatika.

Ubaya ni kwamba mkondo wa umeme kwenye mausi ni mdogo mno, hauna nguvu ya kuchoma uchafu ulioko kwenye mguso. Swichi zenye mguso wa dhahabu, kama Omron D2F-01F, zimetengenezwa kwa mikondo midogo ya namna hiyo na huvumilia kutu vizuri zaidi. Zile za kawaida zaidi katika mausi za kati ni Omron D2FC-F-7N. Kuna Kailh GM 8.0, Huano na TTC pia. Zote hizi zina mpangilio mmoja wa pini, kwa hiyo unaweza kung'oa ya aina moja ukaweka ya nyingine.

Ile namba ya mabofyo milioni 3, milioni 10, milioni 20 isomwe kwa akili. Chukulia mtu anayebofya mara 5,000 kwa siku za kazi 300: hizo ni milioni 1.5 kwa mwaka. Swichi ya milioni 3 ni miaka miwili, ya milioni 10 ni zaidi ya sita. Lakini namba hizo hupimwa kwa mashine inayobonyeza katikati ya kitufe, bila vumbi la Dodoma wala chumvi ya Forodhani. Zitumie kulinganisha mausi mbili za kampuni moja, si kama ahadi.

Kukagua dukani: bonyeza kitufe cha kushoto karibu na ncha, kisha katikati, kisha nyuma. Nguvu isitofautiane kupita kiasi. Kisha kisukume kushoto na kulia bila kubonyeza. Kisigongane na cha pili. Gurudumu lizungushe polepole, hatua moja moja, ukiwa na ukurasa mrefu umefunguka. Kila hatua ukurasa usogee upande mmoja tu. Bonyeza pia gurudumu lenyewe mara kadhaa, hicho ni kitufe cha tatu na husahaulika.

---

#6 Kimya_Kimya

Za kimya je? Kwa maktaba na darasani mlio wa kubofya unakera wenzako.

---

#7 KeboNyeusi

Zipo nzuri. Logitech M110 Silent ni ya waya na ya kawaida kabisa kwa umbo. Jua tu kwamba swichi za kimya zina kizuizi laini ndani kinachomeza mlio, kwa hiyo hisia ya kubofya ni butu, na si rahisi kupata za kubadilishia kwa fundi wa mtaani kama zile za kawaida. Kama kazi yako ni kuandika na kusoma, chukua. Kama ni kuchora ramani au kuhariri picha kwa saa nyingi, hisia kali ya kubofya inasaidia mkono kujua.

---

#8 Wanjiru_wa_Moi_Avenue

Salamu kutoka Nairobi, ndugu zangu. Sijaona mtu akigusia feki, na hapa Luthuli Avenue na huko Kariakoo kwenu ndiyo shida namba moja. Boksi na stika inayong'aa vinaigwa. Uzito pia si ushahidi. Mausi nyingi duni huwekewa kipande cha chuma ndani ili zijisikie nzito.

Kitu cha kupima ni namba ya utambulisho wa USB. Kila kampuni iliyosajiliwa ina namba yake: Logitech ni 046D, Dell 413C, HP 03F0, Microsoft 045E, Lenovo 17EF, Razer 1532. Chomeka mausi kwenye laptopu yako palepale dukani. Kwenye Windows fungua Device Manager, ingia sehemu ya mausi, bofya HID-compliant mouse mara mbili, nenda Details, halafu chagua Hardware Ids. Utaona VID_ ikifuatwa na hizo herufi nne. Kwenye Linux andika lsusb tu.

Soma matokeo hivi. Mausi iliyoandikwa Logitech ikionyesha namba isiyo 046D, irudishe kwa muuzaji. Kwa HP na Lenovo kuwa mpole kidogo: baadhi ya mausi zao halisi hutengenezwa na viwanda vingine na zinaweza kuonyesha namba ya kiwanda, kwa mfano 093A ya PixArt au 0461 ya Primax. Na ikionyesha namba sahihi bado haijathibitika kwa asilimia mia, kwa sababu namba inaweza kuigwa pia. Lakini waigaji wa mausi za bei ya chini mara nyingi hawajisumbui kufika huko.

Angalia na maandishi ya chini: namba ya modeli kwenye mausi ilingane na ya kwenye boksi, na namba ya mfululizo (serial number) ya kila mausi iwe tofauti. Mwombe muuzaji akutolee mbili. Zikiwa na namba moja, umejua.

---

#9 Mzee_wa_Hasara

Kwa nini tujitese na nyaya zama hizi? Bila waya ni nyepesi na hakuna cha kukatika.

---

#10 Wanjiru_wa_Moi_Avenue

Mzee wangu, kila moja ina kazi yake. Ya waya haina betri ya kuisha katikati ya mtihani wala kile kipokezi kidogo kinachopotea. Inafanya kazi hata kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) na kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungiwa Bluetooth. Kuna na mambo mawili yasiyosemwa sana: matundu ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel yenyewe iliandika mwaka 2012, na ndiyo maana kipokezi kikichomekwa jirani na diski ya nje mshale unarukaruka. Na mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilionyesha udhaifu iliouita MouseJack, ambapo vipokezi vya kampuni kadhaa viliweza kutumiwa kuingiza maandishi kwenye kompyuta kutoka mbali. Marekebisho yalitolewa kwa baadhi, lakini vipokezi vya zamani bado vinazunguka sokoni.

Tuurudishe uzi kwenye waya.

---

#11 Msomi_Dodoma

Shukrani dada. Laptopu nyingi mpya zina USB-C pekee. Ninunue mausi yenye C au adapta?

---

#12 KeboNyeusi

Mausi za waya zenye kichwa cha C zipo lakini chaguo ni dogo, na siku ukiketi kwenye kompyuta ya maabara yenye matundu ya kawaida utahitaji adapta ya kinyume. Nunua ya USB-A uweke adapta.

Ila adapta yenyewe ichaguliwe. Ile ya kijiti kigumu ikibeba kichwa cha USB-A inakuwa wenzo mrefu unaoning'inia kwenye tundu la C. Ukigongwa na begi au mkono, nguvu yote inaishia kwenye tundu la laptopu, na kubadilisha tundu hilo ni ghali kuliko mausi kadhaa. Chukua yenye waya mfupi wa sentimeta 10 hadi 15. Adapta ya USB 2.0 inatosha kabisa, mausi haihitaji kasi ya juu wala umeme mwingi: kawaida haizidi miliampia 100.

Na kabla ya kuingiza laptopu begini, chomoa. Shika kichwa, usivute waya.

---

#13 Bi_Saada_Mkunazini

Basi tajeni modeli, maana mtu akienda dukani lazima aseme jina.

---

#14 FundiSaketi

Kwa kazi za kawaida: Logitech B100 (na ndugu yake M100) au Dell MS116. Zote zina waya wa mita 1.8, vitufe vitatu, umbo la kushoto na kulia sawa hivyo mwenye kutumia mkono wa kushoto hana shida, na plastiki isiyopakwa mpira. B100 ina urefu wa milimita 113, upana 62 na kimo 38. Hizo ni saizi za mkono kamili, na nasisitiza hilo: vile vimausi vidogo vya urefu chini ya sentimeta 9 vinavyouzwa kama vya safari vinalazimisha vidole kukunjamana, na kwa kazi ya zaidi ya saa moja mkono unalalamika. Nafasi unayookoa begini ni ndogo mno kulinganisha.

DPI ya 800 hadi 1000 ambayo mausi hizi hutoa inatosha kwa kioo cha 1366×768 na cha 1920×1080 pia. Mwenye kioo cha 4K ndiye anaweza kutaka zaidi.

Kwa anayetaka kupanda daraja: Logitech G203, ambayo sehemu nyingine huuzwa kama G102. Vitufe vyake vikuu vimekadiriwa mabofyo milioni 10, ina gramu 85 bila waya, DPI hadi 8000 na inashushwa unavyotaka.

---

#15 KeboNyeusi

Hapo kwa G203 sikubaliani nawe mkuu, kwa safari. Waya wake ni mita 2.1, taa zake hazina kazi begini, na vitufe vya pembeni ni sehemu mbili zaidi za kubanwa na vitabu. Kwa meza moja ya nyumbani ni mausi bora. Kwa begi, pesa hiyo inanunua MS116 mbili, moja ikae akiba.

---

#16 FundiSaketi

Nakubali kuhusu urefu wa waya. Nilichoitajia ni swichi na kwamba inafunguka vizuri. Lakini kama mtu hafanyi kazi inayohitaji vitufe vya pembeni, hoja yako ina nguvu.

Tahadhari nyingine ya jumla: waya uliofumwa kwa uzi wa nailoni usikudanganye. Unazuia ganda kuchubuka, hauzuii shaba ya ndani kukatika, na mara nyingi ni mgumu kupinda kuliko wa mpira. Ukianza kufumuka unanasa kwenye zipu.

---

#17 Jikwamue

Wakuu, ya kwangu taa inawaka lakini mshale hausogei. Hapa nilipo hakuna duka karibu. Naweza kuurudisha waya mwenyewe?

---

#18 FundiSaketi

Unaweza. Taa ikiwaka na mshale ukigoma, mara nyingi umeme unafika lakini waya mmoja wa data umekatika. Taa ikizima kabisa, shuku nyekundu au nyeusi. (Kwa mausi zenye taa ya infraredi jicho halioni kitu, itazame kwa kamera ya simu, ya mbele hasa.)

Andaa bisibisi ya nyota ndogo, PH0 au PH00, multimita, kikata nyaya, chuma cha kuchomea cha nyuzi joto 320 hadi 350, risasi nyembamba na fluksi kidogo, kamba ya plastiki ya kufungia nyaya ya upana wa milimita 2.5, na mrija unaosinyaa kwa joto wa kipenyo cha kama milimita 6.

Skrubu hujificha chini ya stika au chini ya miguu. Papasa stika kwa kidole, palipo na shimo patabonyea. Miguu ing'oe polepole kwa wembe uliolazwa na uiweke upande wa gundi juu, isishike vumbi. Ukishafungua, piga picha ya mahali nyaya zinapoingia kwenye bodi kabla ya kugusa chochote.

Pima sasa. Multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya kichwa cha USB, nyingine kwenye risasi ya waya husika. Pini ya 1 ni nyekundu, ya 2 nyeupe, ya 3 kijani, ya 4 nyeusi. Wakati unapima, tikisa shingo ya waya. Waya mzima unasoma omu 1 au pungufu na hautikisiki. Wenye ugonjwa unaruka au unanyamaza. Ukiruka unapotikisa karibu na mausi, umepata mahali. Ukiruka karibu na kichwa cha USB, ugonjwa uko upande ule, na itabidi uweke kichwa kipya au waya mwingine mzima.

Kata waya sentimeta 5 juu ya pale palipoharibika, ili usiache sehemu iliyochoka. Kwa waya wa mita 1.8 hutaona tofauti. Kabla ya kuchomea, pitisha mrija wa kusinyaa wenye urefu wa sentimeta 3 au 4 na uusogeze mbali na joto. Menya ganda la nje sentimeta 2, nyaya za ndani milimita 3 tu. Zipake risasi kwanza, kisha zichomee palepale zilipokuwa. Usishikilie chuma zaidi ya sekunde tatu kwa kila nukta, utang'oa shaba ya bodi.

Ile shingo ya zamani imekwenda na waya uliokata. Hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri: wanachomea, wanafunga, na mvuto wa kwanza unang'oa risasi. Funga kamba ya plastiki kwa kukaza sana kwenye ganda la waya, upande wa ndani wa tundu, iwe kizuizi. Kisha sogeza mrija wa kusinyaa uwe nusu ndani nusu nje na uupashe moto. Hiyo ndiyo shingo mpya. Ukiweka miwili, mmoja mfupi juu ya mwingine, mkunjo unagawanyika vizuri zaidi.

---

#19 Wanjiru_wa_Moi_Avenue

Niongeze angalizo moja kwenye rangi. Mausi za bei ya chini hazifuati rangi hizo kila mara. Kuna zenye bluu, chungwa na dhahabu. Fuata multimita kutoka kwenye pini, usifuate rangi.

Na makosa hayalingani uzito. Ukibadilisha nyeupe na kijani, hakuna kinachoungua: mausi ya kasi ya chini hujitambulisha kwa kizuizi (rezista) cha kiloomu 1.5 kwenye D−, yaani waya wa data wa pini ya 2, ukizigeuza kompyuta inadhani ni kifaa cha kasi nyingine, mazungumzo yanashindikana na unaona ujumbe kwamba kifaa hakitambuliki. Zirudishe tu mahali pake. Lakini ukibadilisha nyekundu na nyeusi, chipu inaweza kufa papo hapo. Kabla ya kuchomeka, pima kati ya pini ya 1 na ya 4 kuhakikisha hakuna mguso wa moja kwa moja. Jaribio la kwanza lifanye kwenye habu ya USB au kompyuta ya zamani, si kwenye laptopu ya kazi.

---

#20 Msomi_Dodoma

Na namna ya kuufunga waya? Wengi wetu tunauzungushia mwili wa mausi.

---

#21 KeboNyeusi

Hiyo ndiyo inayoua shingo. Mzunguko wa kwanza unaanzia pale pale waya unapotoka, na unakazwa.

Kanuni nzuri kwa waya unaokunjwa mara kwa mara ni nusu-kipenyo cha mkunjo kisichopungua mara 8 hadi 10 ya unene wa waya. Waya wa mausi wa milimita 3.5 unataka basi mkunjo wa sentimeta 3 hivi kutoka katikati, yaani duara la sentimeta 6 na kuendelea. Acha sentimeta 10 za kwanza kutoka kwenye mausi zikiwa huru, zikijipinda zenyewe. Zilizobaki zikunje kwa maduara ya sentimeta 8 hadi 10, duara moja likipita juu na linalofuata likigeuzwa chini, kama mafundi sauti wanavyokunja nyaya za maikrofoni. Hivyo waya haujisokoti ukifunguliwa. Funga kwa velkro ya sentimeta 12, si kwa mpira wa kubana pesa, kwa sababu mpira huacha alama na huyeyukia kwenye ganda kwa joto.

Iweke kwenye kifuko chake au soksi safi, mfuko wa pembeni wa begi. Isikae kati ya laptopu na vitabu: gurudumu likikandamizwa kwa saa nyingi linalegea, na mausi ikibana kioo kinaweza kupasuka.

---

#22 Kimya_Kimya

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mausi mpya kabisa, waya mzima, lakini ukiiacha dakika chache inaganda, ukiichomoa na kuchomeka inarudi.

---

#23 Wanjiru_wa_Moi_Avenue

Hiyo si mausi, ni laptopu inazima tundu ili kuokoa betri. Kwenye Windows ingia Power Options, mipangilio ya ndani zaidi ya mpango unaoutumia, USB settings, kisha USB selective suspend uiweke Disabled. Kisha kwenye Device Manager fungua kila USB Root Hub, sehemu ya Power Management, uondoe alama ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kwenye Linux mara nyingi chanzo ni mtu aliyeendesha powertop --auto-tune, amri ya kuokoa betri ambayo hulaza hata mausi.

Ukiwa Linux kuna faida nyingine kwa wenye swichi inayoanza kubofya mara mbili: libinput, programu inayosoma mausi na kibodi, ina kichujio cha midundo ya vitufe, kwa hiyo ugonjwa unaweza kujificha kwa muda. Usijaribu mausi ya kununua kwenye Linux pekee kwa sababu hiyohiyo. Ijaribu kwenye Windows pia, bofya polepole mara 50 juu ya ukurasa wowote wa kuhesabu mabofyo, na namba isizidi 50.